Telefone ya Naomie, Mvula ya Mangobo

2 Septemba, Jumanne

Mvula ya kwanza ya kweli imepiga leo hapa kwetu Mangobo. Imevunja majani ya ndizi kwa jirani na kuingia jikoni bila kupiga hodi.

Kayé hii ya kuandikia nilipewa na mujukuu wangu Naomie. Anasema kwenye kikundi chao cha kazi kila mutu anaandika nini kimeendelea na nini kimekataa. "Na weye Koko, andika, vidole visilale." Koko ni mimi, bibi yake. Bon, naandika. Mimi sikukalia benchi ya masomo hata siku moja. Herufi nilifundishwa na Mama Marthe wa parsele ya jirani, pale paroisse, kanisani, wakati nilikuwa tayari na wajukuu. Naandika vile nasema. Mwenye kutaka kucheka, acheke juu ya kayé yake.

3 Septemba

Kazi yenyewe iko hivi. Kuna telefone mupya. Juu iko na kioo, chini iko na vidude vya herufi vya kubonyeza, vidogo kama punje za mahindi. Tante yake, shangazi Josée, aliituma kutoka Liège, kule Ulaya. Naomie aliichagua kwa ajili yangu. Vidole vyangu, kwa miaka yote hii ya kugeuza samaki juu ya moshi, vimekuwa gome. Telefone za kioo tupu hazivisikii. Nafinya, nafinya, kioo kinanitazama tu kama mukwe mubaya.

Sasa Naomie hataki akili ya ndani, anaiita programu, ile telefone ilikuja nayo. Anataka kuitoa na kutia ingine, ile inatengenezwa na watu wa inchi mingi pamoja, bure, bila patron wa kuwalipa. Anasema hiyo mutu anaweza kuifundisha kiswahili chetu, hata lugha ya kilokele, na haipeleki siri za mutu kwa watu hajui.

Nikamuuliza: "Kichwa kizima kinatoka, kingine kinaingia?"

"Ndiyo, Koko."

"Na mutu hafi?"

"Hapo ndipo kazi iko."

Hiyo ni kazi yake ya kumaliza chuo. Mwezi wa kumi na moja atasimama mbele ya walimu nayo. Telefone ikiwaka na kupiga simu, anapata diplome. Isipofanya, ni kwisha. Baba yake, mutoto wangu wa kwanza, alikufa. Anayemulipia ni Cyprien, baba yake mudogo, mwenye depo ya muchele kule Bengamisa. Cyprien alisema mbele yangu: mwaka huu ni wa mwisho, akishindwa anakuja kusimama kwenye mizani yangu. Siwezi kumutukana. Iko na watoto wake watano.

5 Septemba

Mvula. Courant hakuna.

6 Septemba

Mvula. Courant hakuna. Samaki wameota ukungu.

9 Septemba

Courant ilikuja asubuhi, taa ikawaka. Naomie akafunga telefone na mashine yake ya kompyuta kwa kamba ya waya, akaandika mambo, mambo, tukangoja. Telefone ikawaka, ikaonyesha alama ndogo, ikazima. Ikawaka, alama, ikazima. Muchana wote vile.

Karima, jirani wetu wa Maniema, alipita na beseni yake ya mikate, akasimama mulangoni.

"Mama Georgette, hii telefone iko na degedege."

"Pita na mikate yako."

"Muipeleke kwa sheikh wangu. Akishindwa, kwa padri wenu. Wote wawili wakishindwa, basi fundi."

"Fundi ni mimi, Tante Karima," Naomie akasema.

"Haya! Basi wote watatu wameshindwa."

Naomie akacheka mpaka akaweka kichwa juu ya meza. Ilikuwa siku mingi sijamusikia vile.

14 Septemba, siku ya Mungu

Nimeombea telefone. Sikujua niitaje mbele ya Mungu, nikasema "kile kitu cha mutoto".

20 Septemba

Leo vidude vimekubali, lakini kila kimoja kinajibu jina la mwenzake. Unabonyeza ya A, kioo kinaandika ingine. Mimi nilibonyeza, kimoja kimoja, Naomie anatazama na kurekebisha, ikizima tunaiwasha tena. Hiyo kazi niliiweza. Saa nzima nilikuwa mutu wa lazima.

Kuna kijana anaitwa Carlos, iko Portugal, iko na telefone ya namna hii hii. Naomie akikwama anamuandikia, yeye akikwama anamuandikia Naomie. Wakati mwingine anatuma sauti kwa kifaransa cha kupinda.

"Ameoa?" nikauliza.

"Koko! Ni mutu wa kazi."

"Watu wa kazi hawaoi?"

25 Septemba

Mvula.

3 Oktoba, Ijumaa

Imewaka! Imewaka na haikuzima! Naomie alinipa mukononi, nikaandika jina langu na vidude, GEORGETTE, polepole, na kioo kikanitii. Nikapiga kigelegele, Karima akaja mbio akifikiri kuna mutoto amezaliwa. Nikamupikia Naomie lituma ya ndizi za kuponda na samaki mukubwa niliyemuwekea muteja.

Lakini alikula nusu. "Koko, haipigi simu."

"Itapiga kesho."

"Haisikii rezo, mawimbi ya simu, hata kidogo. Ni kama mutu amezaliwa bila masikio."

Anasema kuna kipande cha chini kabisa, kile chenye kuamsha telefone kabla akili haijaingia. Lazima kigeuzwe, ndipo simu zitapita. Na kazi hiyo ikikatwa katikati, telefone haiamuki tena, imekuwa jiwe. Na mashine yake ya kuandikia ilikufa betri zamani, inaishi kwa waya tu. Courant ikienda, nayo inaenda. Anangoja siku ambayo courant itakaa.

6 Oktoba

Courant imekuja na kwenda kama mulevi. Naomie hakugusa.

8 Oktoba

Vile vile. Papa Moïse, bwana ya Mama Marthe, amelazwa. Nimepeleka supu.

12 Oktoba, Jumapili

Naandika hii ya jana. Jana sikuweza.

Papa Moïse alikufa alfajiri. Tulisikia Marthe analia kwanza, kisha avenue nzima, njia yetu yote. Hapa kwetu mambo ya matanga hayahitaji kuitwa. Mwenye viti analeta viti, mwenye bache, ile turubai, analeta bache, mwenye courant anatoa waya. Nyumba ya Marthe haina courant toka kamba yao ya courant iliungua. Yetu ilikuwa nayo. Jana ilikaa toka asubuhi, haikutikisika hata mara moja, na mimi kichwa changu kilikuwa kwa Marthe, sikufikiri hiyo ilikuwa na maana gani kwa mutoto wangu.

Baada ya saa sita wingu likafunga, chini ya bache kukawa giza kama jikoni. Gari ya maiti ikafika. Wanakwaya wanatafuta karatasi zao, hawaoni. Marthe iko chini kwenye mukeka, kichwa wazi, bila taa, na bwana yake analetwa. Marthe aliyeshika mukono wangu huu kuufundisha kuandika A! Nikakimbia nyumbani. Niliita: "Naomie!" Hakuna mutu. Kwenye chumba chake kuna ralonje, ule waya murefu wa kuongeza, na mashine imechomekwa. Niliona kioo kinawaka. Niliona telefone imefungwa kwa kamba yake. Niliona, sitasema sikuona. Lakini vitu vyake vinawaka kila siku. Nikatoa waya, nikakunja ralonje kwenye mukono, nikakimbia.

Taa ikawaka juu ya Papa Moïse. Watu wakaimba. Nikatafuta Naomie kwa macho, nikamuona: iko amepiga magoti mbele ya Marthe, anamusalimia, vile nilimufundisha mimi mwenyewe. Mufu akifika unaacha sufuria motoni, unakwenda kupiga magoti. Yeye pia aliacha chake motoni: ile kazi ya kipande cha chini.

Akainua macho, akaona taa. Akatazama waya, akaufuata kwa macho, polepole, mpaka kwenye mulango wetu. Hakulia. Akasimama, akaenda.

Nilimufuata. Nilimukuta anabonyeza kidude cha pembeni, cha kuwashia. Anashika, anahesabu kimoyomoyo, anaachia, anashika.

"Ilibaki kidogo?" nikauliza.

"Ilibaki kidogo."

"Narudisha waya. Naenda kuutoa kule."

"Koko, acha. Mutu amelala pale." Akaiweka telefone chini. "Ungefanya nini? Hata mimi ningetoa."

Afadhali angenitukana. Matusi mutu anayajibu.

14 Oktoba

Tumezika. Mvula ilingoja tumalize.

15 Oktoba

Telefone imekataa kuamuka.

16 Oktoba

Nimeipeleka mwenyewe kwa fundi mumoja mjini, kwa baiskeli ya toleka, ya kubeba abiria, nikiishika ndani ya kitambaa kama yai. Akaigeuza, akaifungua, akaifunga. "Mama, hii haina ugonjwa. Hii haina mutu ndani." Nikamuuliza kama kuna mungine anayejua. Akasema wale walioitengeneza tu. Naomie aliwaandikia tayari. Wakajibu vizuri sana: itume kwetu. Kwao ni upande mwingine wa dunia. Waliandika kama vile ni kuvuka muto kwenda Lubunga.

17 Oktoba

Josée alilia kwenye telefone. Hana ingine ya kutuma.

20 Oktoba

Mvula. Naomie analala na macho wazi. Nikimuletea chai anasema asante Koko. Nikimuletea maji anasema asante Koko. Nimechoka na asante.

24 Oktoba, Ijumaa

Nilidhani ameacha. Kumbe hapana. Leo nimemufuata mpaka pale barabarani ambapo rezo inashika, nimemushikia muavuli. Anaandika nyumbani kwa mashine, hapa anatuma kwa telefone yake ya kila siku, Carlos anatia kwenye telefone yake kule Portugal, anarudisha majibu. Ni kama mutu anapika kwenye jiko la mungine akiwa inje ya ukuta, anapiga kelele: tia chumvi! punguza moto! geuza! Na chakula hakioni, hasikii hata harufu.

Carlos alituma filme. Nikaona telefone ndugu ya yetu, nzima, inawaka, na juu ya kioo maneno ya kiswahili yaliyoandikwa na mujukuu wangu. Muzungu anabonyeza na kidole chake cheupe. Nilifurahi na nilitaka kumunyanganya.

"Simu?" nikauliza.

"Bado."

30 Oktoba

Simu ya Carlos imeita, lakini sauti haikupita. Wamesikia kimya tu, yeye kule, Naomie huku. Naomie alisema "allô, allô" chini ya muavuli mpaka watu wa toleka wakamuigiza.

4 Novemba

Mvula siku mbili bila kupumua. Jikoni nimechimba mufereji.

7 Novemba, Ijumaa

Leo alisimama mbele ya walimu. Nilivaa kitambaa cha Pasaka. Cyprien alikuja kutoka Bengamisa na pikipiki, matope mpaka kwenye mashavu, na alinunua soda za kusherehekea, kabla ya matokeo. Naandika hiyo ili niwe mutu wa haki.

Walimu walikuwa watatu. Anayemusimamia Naomie kwenye kazi ni mumoja wao, Chef de Travaux Zacharie, mutu wa sauti ya chini. Naomie alisema kifaransa muda murefu, sikushika yote. Akaonyesha filme ya Carlos ukutani. Halafu mwalimu wa katikati, wa miwani, akasema:

"Mademoiselle, sinema tumeona. Telefone iko wapi?"

Naomie akaiweka mbele yake. Yule mwalimu akabonyeza, akabonyeza.

"Imekufa?"

"Ndiyo, Mwalimu. Ilikatika courant katikati ya kazi."

Ilikatika courant! Mutoto ananificha mbele ya watu. Nikasimama. "Walimu wangu, courant haikukatika. Ni mukono huu ulitoa waya. Kulikuwa na matanga. Muniandikie mimi hiyo zéro, sina masomo, haitaniuma."

Watu wakacheka. Si kwa ubaya, lakini walicheka. Zacharie hakucheka. "Mama, keti, tafadhali."

"Nikae vipi?"

"Kaa tu, Mama."

Nikakaa. Walitoka, wakarudi. Zacharie ndiye aliyesema. Kazi ni nzuri, wameiona. Lakini mutu aliandika kwamba ataleta telefone inayopiga simu, na simu hakuna. Wanamupa nafasi. Si lazima iwe hii iliyokufa. Yeyote, popote, apige simu kwa ile akili ya Naomie, iingie kwenye telefone yake Zacharie na sauti isikike. Mpaka Ijumaa tarehe 21, saa sita ya muchana. Hapo wanafunga points, alama za mwaka.

Cyprien alitupeleka nyumbani. Soda tulikunywa. Zilikuwa za moto.

10 Novemba

Sauti haikupita.

13 Novemba

Sauti haikupita. Rezo haikuwepo toka asubuhi, wanasema radi ilipiga mulingoti wa rezo.

15 Novemba

Nimejaribu kusaidia. Nimekaanga samaki, nimefua nguo zake, nimefukuza Karima na maneno yake, halafu nimemuita tena juu Naomie anamupenda. Kazi zote zile za mikono ninazijua, na hakuna hata moja inayofika pale alipo.

17 Novemba

Carlos iko anafanya kazi mpaka asubuhi, Naomie anasema. Nimemusamehe kidole chake.

19 Novemba

Sauti imepita upande mumoja. Carlos anasikia, wa upande huu hasikii. Naomie alinishika mabega: "Koko, nusu! Ni nusu!" Nilicheza naye kwenye matope. Kisha mvula ikapiga na rezo ikaenda.

21 Novemba, Ijumaa

Tulikwenda chuo asubuhi. Zacharie aliweka telefone yake juu ya meza, kati yetu, kama sahani. Tukaitazama. Iliita mara moja. Ilikuwa muke wake, anauliza mafuta ya mawese iko wapi. Naomie alicheka kidogo, Zacharie akaona haya.

Saa sita ikapita. Zacharie akasimama. Alikwenda kwa wenzake, akarudi, akasema wamekubali kungoja mpaka saa nane. Saa nane nayo ikapita. Carlos aliandika: bado, pardon, bado.

Zacharie akachukua telefone yake, akaishika bila kuitia mufukoni.

"Naomie, mwaka kesho unaweza kujiandikisha tena."

"Ndiyo, Mwalimu," akasema, vile mutu anasema asante kwa chai.

23 Novemba, Jumapili

Cyprien amekuja. Alikaa mulangoni, hakuingia mpaka nilimuambia.

"Mama, mimi siko mubaya."

"Sijasema."

"Uso wako unasema."

"Uso wangu ni wa uzee. Cyprien, mwaka mumoja tu."

"Na kati ya wale watano, nimutoe nani kwenye masomo? Chagua weye, Mama. Nitaje majina, uchague?"

Mutoto wangu niliyemubeba muongoni ananiuliza hivyo. Nilikuwa na maneno mengi, nimeyapanga toka Ijumaa. Yote yalikuwa ya kumugombeza mutu mubaya, na mutu mubaya hakuwepo.

Naomie alitoka chumbani na mufuko umefungwa tayari. "Koko, muache Papa Cyprien. Nimeshasema ndiyo."

24 Novemba

Ameondoka nyuma ya pikipiki, mufuko mbele, miguu imefungwa na sachet za plastiki, matope yasiiguse. Telefone iliyokufa ameiacha juu ya meza yake. Sijaigusa.

25 Novemba

Mvula.

27 Novemba

Mvula. Karima amekuja kukaa tu. Hakutania. Nikamuambia atanie, akasema hapana.

29 Novemba, Jumamosi

Leo muchana nilikuwa nageuza samaki. Telefone yangu ndogo, ile ya tochi, ikaita. Namba ilikuwa ndefu kama treni. Nikajibu na mukono wenye mafuta.

"Naomie?" Sauti ya mwanaume. "Allô, Naomie? Ça marche! Ça marche!"

Ni Carlos, anasema inafanya kazi. Nilijua mara moja, kwa kile kifaransa cha kupinda. Naomie alimuachia namba yangu kwa sababu kule Bengamisa rezo ni ya kubahatisha.

"Naomie haiko," nikasema. "Naomie iko Bengamisa. Ni mimi Koko."

"Madame! C'est le téléphone! La voix! Vous entendez?"

"Oui," nikasema, kwamba sauti ya telefone yake naisikia. Ingine sikuwa nayo.

Akaanza kucheka, na katikati ya kucheka nikasikia analia. Nyuma yake kulikuwa na mutoto analia, na mutu anaosha masahani, na sauti yote ilikuwa wazi, wazi kuliko Karima akisema kutoka kwenye ukuta wetu. Nikamuambia kiswahili chote nilichokuwa nacho: kwamba walifunga Ijumaa iliyopita, kwamba walingoja mpaka saa nane, kwamba ni mukono huu. Hakushika hata neno. Akawa anasema merci, merci Madame, kana kwamba namubariki.

Halafu nikamupigia Naomie. Bibi wa ndani ya telefone akanijibu kwamba mutu hapatikani. Nikapiga tena. Bibi yule yule. Nikatoka mpaka barabarani bila viatu, nikapiga kutoka pale. Mara ya sijui ngapi, ikaita.

"Koko? Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna mutu amekufa. Carlos amepiga."

"Ameandika?"

"Amepiga. Na telefone yake ile. Na akili yako. Imeingia kwangu."

Nikafikiri rezo imekwenda.

"Sauti ilipita pande zote mbili?"

"Mbili. Nilisikia hata mutoto wake analia."

"Haikukatika?"

"Haikukatika. Ni mimi nilikata, samaki walikuwa wanaungua."

Nikasikia anavuta pumzi, kwa kirefu, kama mutu anayetoka ndani ya maji. Nikangoja aseme.

"Koko, ngoja kidogo," akasema. "Kuna mutu wa muchele."

Hakukata. Nilisikia ameweka telefone juu ya kitu. Nikasikia muchele unamwagika kwenye sahani ya mizani, na sauti ya Cyprien kwa mbali, ya upole, anamuambia: bado, ongeza.